Pikipiki kwenye shamba la marehemu baba na malalamiko ya majirani

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shehe wetu. Sisi ni ndugu watano, wanaume watatu na wanawake wawili, wakazi wa Nairobi. Marehemu baba yetu alinunua ekari 16 upande wa Isinya, kaunti ya Kajiado, mwaka 1987. Amefariki miaka mitatu sasa, mama yuko hai. Tangu msiba ule sisi wanaume tumezoea kwenda huko wikendi na vijana wetu. Tumechonga njia ya kuendeshea pikipiki za mchezo, tunachoma nyama, tunalala kwenye mahema, tunaswali jamaa, kisha tunarudi mjini. Hakuna pombe wala maasi. Mwanangu wa miaka 17 alikuwa ameshaingia kwenye muguka, yale majani ya kulevya, na kundi baya. Wallahi ni shamba lile lililomrudisha nyumbani.

Majirani ni wafugaji. Wanalalamikia vumbi na kelele. Bibi mmoja mzee anasema mbuzi wake wawili walitupa mimba siku tulipokwenda na pikipiki sita. Wengine wanasema tunawakatiza ibada yao ya Jumapili, maana huswali chini ya mti karibu na mpaka. Kaka yetu mkubwa naye alifunga kwa lango njia ambayo ng'ombe wao hupitia kwenda lambo, kwa kuwa ilikatiza njia yetu. Mwezi uliopita tulikuta miiba ya mgunga imetandazwa, magurudumu matatu yakatoboka. Kaka sasa anataka kuweka ua wa umeme, na anataka kuleta wageni wa kulipa, shilingi 1,500 kila mtu. Ametutumia klipu ya mhadhiri anayesema mwenye mali hufanya atakalo ndani ya mali yake, kwamba hayo ndiyo madhehebu ya Imamu Shafi, na kwamba haki za jirani zilizosisitizwa ni za jirani Muislamu. Mama hasemi kitu. Je, tuna makosa? Na swala zetu pale zinasihi?

JIBU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, ahli zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, swali lako nimekaa nalo wiki mbili. Ningelijibu siku ile ile lau si klipu. Kabla yako walikuwa wameniletea watu wanne, mmoja ana ugomvi wa ghorofa huko Eastleigh, mwingine ana jirani mwenye karakana ya kuchomelea vyuma, na wote wananiuliza kitu kimoja: kumbe Imamu Shafi ameturuhusu? Basi leo nitajibu kwa urefu kidogo, na univumilie, maana sehemu ya maneno haya si yako wewe.

Hadithi za Jibril na jirani, alivyomuusia Mtume (s.a.w.) juu ya haki za jirani, sitakurudishia. Unazijua, na mwanao alizihifadhi madrasa. Na mchezo wenyewe pia sina la kuupinga. Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi, alishindana mbio na Bibi Aisha, aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki msikitini, na Hanzala alipodhani amekuwa mnafiki kwa kucheka na wanawe, aliambiwa: saa hii na saa ile. Baba anayemtoa mwanawe kwenye kijiwe cha muguka akampeleka porini wakachoma nyama na kuswali Isha chini ya nyota, mimi simwiti mpuuzi. Namwombea. Kama kuna kitu katika barua yako kilichonilainisha moyo ni mstari ule wa kijana wako, na nitaurudia mwishoni, kwa sababu naona yeye ndiye ufunguo.

Sasa klipu.

Mhadhiri amesoma ibara kutoka Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu cha fiqhi ya Mashafi, katika mlango wa kuhuisha ardhi mfu. Ibara ipo, hakuizua. Inasema kila mmoja hutumia milki yake kwa mujibu wa ada. Akasimama hapo. Akafunga kitabu. Akapigiwa takbiri. Lakini Imamu Nawawi hakusimama hapo, ndugu zangu! Neno linalofuata, bila hata kuvuta pumzi, ni: akivuka mpaka, atadhamini. Yaani atalipa. Msomaji aliyeona nusu ya kwanza ameiona na ya pili, maana ziko kwenye mstari mmoja. Mimi simdhanii vibaya mtu nisiyemjua moyo wake, ila namwambia kwamba kukata maneno ya mwanachuoni katikati na kumpa mtu anayetafuta sababu ya kumkera jirani ni kama kumpa mtoto panga ukamficha ala.

Halafu hiyo "ada" aliyoipita mbio ndiyo moyo wa mas'ala. Imamu hakusema kila mtu atumie milki yake kwa mujibu wa matamanio yake. Amesema kwa mujibu wa ada: mazoea ya watu wa mahali pale kwa ardhi ya aina ile. Ada ya nchi ya Isinya ni nini? Ni kuchunga, kulima palipo na maji, kuchimba kisima, kujenga boma. Moshi wa kuni ni ada. Kengele za ng'ombe alfajiri ni ada, na lau wewe wa mjini ungekwenda kwa chifu kulalamika kwamba kengele hizo zinakuharibia usingizi, angekucheka. Pikipiki sita zilizotolewa vizuizi vya sauti kwenye ekzosi, zikizunguka duara moja tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, si ada ya pale. Utaniambia Kajiado ya leo imejaa kambi na mahoteli ya wageni. Kweli. Lakini hizo zina vibali vya kaunti, zina nafasi, na zinabanwa na kanuni za kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Mwenye kutaka kujifananisha nazo ajifananishe nazo kwa yote.

Endelea na Minhaj. Imamu anasema kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yajuzu mtu kuigeuza nyumba yake iliyozungukwa na makazi ya watu ikawa hamamu, yaani bafu la watu wote, au zizi, na duka lake katika soko la wauza nguo likawa la mhunzi. Hapa mhadhiri angefurahi, na sijui kwa nini hakufika. Labda kwa sababu ya sharti linalofuata: akichukua tahadhari na kuziimarisha kuta. Mhunzi anaruhusiwa kugonga chuma karibu na wauza nguo baada ya kujenga ukuta ambao cheche hazitaupita. Na aliyezoea istilahi za Imamu Nawawi anajua kwamba akisema "sahihi zaidi" anakuambia kuna kauli nyingine ndani ya madhehebu yenyewe, nayo ina nguvu, yenye kukataza. Basi hata ukichukua upande ulio mpana kuliko yote kwa mwenye mali, bado una sharti la tahadhari mgongoni. Nyinyi tahadhari yenu ilikuwa ipi? Mlipanda miti ya kuzuia vumbi? Mliiweka njia yenu upande usio na maboma? Kwa maelezo yako, mliichonga inapopita njia ya ng'ombe, kisha mkaifunga ya ng'ombe.

Na huko nje ya madhehebu yetu mambo ni mazito zaidi. Ibn Qudama wa Hanbali, aliyefariki mwaka 620 Hijria, anasema katika al-Mughni kwamba mtu hana haki ya kufanya katika milki yake jambo linalomdhuru jirani, akatoa mifano: kujenga hamamu kati ya nyumba, kufungua tanuri la mikate kati ya wauza manukato, kuweka duka la kufulia nguo kwa kuzipigapiga hadi kuta za jirani zikatikisika, au kuchimba kisima ubavuni mwa kisima cha mwenzako kikanyonya maji yake. Wamaliki wako karibu na hapo. Wahanafi, ingawa kiyasi, yaani hoja ya kulinganisha, cha imamu wao kilimpa mwenye mali uhuru, waliokuja baadaye walikiacha wakakataza dhara iliyo kubwa. Wote wanaizunguka hadithi moja, ile ya 32 katika Arobaini ya Imamu Nawawi: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Sasa mtu akisimama mimbarini akasema "Uislamu umempa mwenye mali afanye atakalo", Uislamu huo ameuokota wapi? Hatimiliki inachora mpaka wa udongo. Vumbi halisomi bikoni za mpaka.

Hapa niseme jambo dhidi yetu wenyewe, tusije tukajifanya malaika. Misikiti mingine hapa Nairobi inafungulia spika za nje darsa la saa nzima usiku wakati jirani ana mtoto mgonjwa, na ukisema kitu unaambiwa unachukia dini. Adhana ni ibada na ina wakati wake mfupi. Darsa la kutangaziwa watu wasioliomba ni jambo jingine. Nimelisema hili kwenye kamati yetu na sikushangiliwa.

Lililoniudhi zaidi katika klipu ni lile la mwisho, kwamba haki za jirani ni za jirani Muislamu. Hili si kosa la kukata ibara, hili ni kosa la kutosoma. Aya ya 36 ya Suratun Nisaa inataja jirani wa karibu na jirani wa mbali, na miongoni mwa wafasiri wapo waliosema wa mbali ni yule asiye wa dini yako. Tuseme tafsiri hiyo huitaki. Utafanya nini na Abdullahi bin Amr, sahaba, aliyechinjiwa mbuzi nyumbani kwake akawa anauliza na kurudia: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Mmempelekea jirani yetu Myahudi? Na hoja yake ilikuwa ipi? Ni hadithi hiyo hiyo ya Jibril! Sahaba aliyeisikia hadithi kwa masikio yake aliielewa kuwa inamhusu Myahudi wa mlango wa pili, na mhadhiri wetu wa karne hii anaelewa kuwa haimhusu Mmaasai wa Isinya. Nani nimfuate? Naongeza: wale watu wanamwomba Mungu chini ya mti Jumapili. Si ibada yetu, na hatuichanganyi na yetu. Lakini mtu akija na mngurumo wa injini mbele ya msikiti wetu tukiwa kwenye khutba ya Ijumaa tutamwita jina gani? Hilo hilo ndilo wanalowaita nyinyi.

Nije kwa njia ya ng'ombe. Katika yote uliyoyataja, hili ndilo halina mjadala: lango liondolewe. Baba yenu alinunua mwaka 1987, wakati ranchi za vikundi, yaani ardhi za pamoja za wafugaji, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1968 zilipokuwa zikigawanywa na vipande vikiuzwa. Njia ya kwenda majini aliikuta. Aliishi nayo zaidi ya miaka 30 bila kuifunga, na naamini hakuwa mjinga wa haki zake. Sheria ya nchi yenyewe inatambua kwamba njia iliyotumika waziwazi na kwa amani, kama haki, bila kukatizwa kwa miaka 20, inaweza kuwa haki kamili juu ya ardhi ya mwingine, kwa hiyo kaka yako akienda mahakamani na hatimiliki yake ajiandae kusikia hilo. Katika dini, wasomaji wa Muwatta, kitabu cha Imamu Malik, wanakijua kisa cha Dahhak bin Khalifa aliyetaka kupitisha mfereji katika shamba la Muhammad bin Maslama, akakataliwa, na Umar (r.a.) akaapa kwamba utapita hata kama ni juu ya tumbo lake. Sitakudanganya: Imamu Shafi katika kauli yake mpya hamlazimishi mtu kumfungulia jirani kitu kipya katika milki yake. Lakini njia yenu si kitu kipya. Mfereji wa Dahhak ulikuwa bado haujachimbwa, nao Umar aliupigania. Njia hii imekanyagwa na kwato kabla ya wewe kuzaliwa.

Na kisa cha Samura bin Jundub, alichokipokea Abu Daud, kinafanana nanyi hadi kinatisha. Alikuwa na mtende wake halali ndani ya bustani ya Ansari mmoja, akawa anaingia kuuendea na kumkera mwenye bustani na familia yake. Mtume (s.a.w.) alimwomba auze, akakataa. Abadilishe na mwingine, akakataa. Autoe kwa ujira wa Akhera, akakataa. Ndipo akaambiwa: wewe ni mwenye kudhuru. Na Ansari akaambiwa nenda ukaung'oe. Wanahadithi wameizungumza sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, naam, na mimi siijengei hukumu ya kung'oa. Lakini itazame: mtende ulikuwa wake. Hakuna aliyebisha juu ya milki.

Kuhusu mbuzi wa bibi. Wewe hujui kama ni pikipiki, na mimi sijui. Mbuzi hutupa mimba kwa njaa, kwa maradhi ya kutupa mimba ambayo wafugaji wanayajua vizuri kuliko sisi, na kwa kukimbizwa pia. Kwa hukumu kavu, anayedai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na kadhi hawezi kukuhukumu kwa dhana. Hata hivyo usikimbilie usemi wa "tulikuwa ndani ya milki yetu". Wanafiqhi wetu wanataja kwamba Umar alimtuma mtu amwite mwanamke mmoja, naye kwa hofu akaharibu mimba. Umar alikuwa khalifa, ana haki ya kumwita. Akashauriana na masahaba. Wapo waliomwambia huna lolote, wewe ni mlezi tu wa umma. Ali (r.a.) akamwambia diya, yaani fidia ya uhai, iko juu yako, wewe ndiye uliyemtisha. Umar akaichukua kauli ya Ali. Nayo sanadi ina maneno, lakini fiqhi yetu imejengwa juu ya maana yake: haki ya kufanya jambo haikuondolei dhima ya linalozaliwa nalo.

Kisha fikiri bibi huyo ni nani. Nchi ile ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Ng'ombe walikufa barabarani Namanga tukipita na magari yetu. Mtu aliyetoka kule akabakiwa na mbuzi wachache, kila mimba kwake ni karo ya shule. Mpe mbuzi wawili. Mpe majike, wazuri. Hukumu haijakulazimisha, ni sulhu tu, na sulhu ni heri kwa tamko la Qur'ani. Bei yake haifiki ya magurudumu matatu.

Miiba? Aliyeitandaza amekosea, hasa kama kijana wenu angeanguka. Kudhuru hakujibiwi kwa kudhuru, na hadithi ile ile inawabana nao pia. Mkikaa nao kikao, lisemeni bila woga. Ila mlipofunga njia ya maji ya watu na mkakosa kuwasikiliza, mlitarajia watume barua ya wakili? Ua wa umeme siuruhusu. Siongelei waya wa kuzuia wanyama mpakani. Naongelea nia ya kaka yako kama ulivyoielezea, nayo ni kisasi.

Sasa nina neno ambalo hukuniuliza.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na dada zako umewataja kwa idadi tu. Mama umemtaja kwa maneno machache tu: yuko hai, na hasemi kitu. Baba amefariki miaka mitatu. Shamba halikugawanywa. Na nyinyi wanaume watatu mnasema "shamba letu", "milki yetu", "haki yetu". Ya nani?

Kama marehemu hakuacha wazazi wala mke mwingine, hesabu yake haihitaji mwanachuoni, baada ya deni na wasia kama vipo. Mama ana thumni, moja ya nane: katika ekari 16, ekari 2. Zinabaki 14. Kila mwanamume ekari tatu na nusu, kila mwanamke ekari moja na robo tatu. Yaani ekari tano na nusu katika ardhi mnayoizungusha pikipiki ni za wanawake watatu ambao hawajaulizwa. Na kwa kuwa haijagawanywa, hakuna ekari hapo unayoweza kuionyesha kidole ukasema hii ni yangu. Kila shubiri ina fungu la mama ndani yake. Mshirika katika mali kama hiyo ni mgeni katika fungu la mwenzake. Haitumii bila idhini yake, haikodishi bila idhini yake, na haijengi.

Kwa hiyo yule mhadhiri, hata lau angekuwa sahihi kwa kila herufi, kaka yako asingefaidika naye. Mwenye mali hufanya atakalo? Haya, mwenye mali ni nani? Waite wenye mali wote watano pamoja na mama tuwasikie wanataka nini.

Najua utasema mama hakukataza. Ndugu yangu, mimi nimekaa na wajane wengi katika mji huu. Kimya cha mama aliyefiwa, mbele ya wanawe wanaume watatu walio na sauti, mimi sikihesabu kuwa idhini. Huenda ni idhini. Huenda pia anaogopa kwamba akitamka neno "mirathi" mtasema anataka kuwagombanisha. Dada nao wameolewa, wana nyumba zao, na katika desturi zetu dada akidai fungu lake huitwa mwenye tamaa, kana kwamba si Mwenyezi Mungu aliyelipanga bali yeye. Mtume (s.a.w.) amesema atakayechukua shubiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni mwake hadi ardhi saba. Hakumvua ndugu wa tumbo moja.

Wageni wa shilingi 1,500 kwa hiyo wasubiri. Pesa yoyote itakayoingia ni ya warithi wote kwa mafungu yao, na kama kaka yako ameshapokea, aihesabu. Nendeni kwa Kadhi na cheti cha kifo mkafungue faili la mirathi. Katiba katika kifungu cha 170 imempa mamlaka hayo kwa Waislamu wanaokubali kwenda kwake. Ugomvi wa mpaka na wafugaji yeye haupokei, huo una mahakama ya ardhi na mazingira. Ila katiba hiyo hiyo katika kifungu cha 159 imehimiza usuluhishi, hata ule wa wazee, na kule Kajiado wazee wapo na wanasikilizwa. Mkigawanya, baadhi yenu mnaweza kuchagua mafungu yenu yawe upande wa mbali na maboma, na mchezo wenu ukapata pa kukaa bila dhambi. Ardhi ya kilimo haikatwi vipande bila idhini ya bodi ya ardhi ya eneo, basi anzeni mapema.

Kwa majirani, ningekuwa wewe ningefanya hivi. Lango ningelitoa kwanza, kabla ya mazungumzo yoyote, maana ukiliondoa wakati wa mazungumzo litageuka kuwa bei. Kisha ningekwenda siku isiyo ya wikendi, bila pikipiki, na mama. Nasisitiza mama. Wazee wa kule wakimwona mjane wa jirani yao wa miaka 30 amekuja mwenyewe kukaa kitini mbele yao, nusu ya kesi imekwisha. Sikilizeni kwanza. Mkubaliane siku, idadi ya pikipiki, na Jumapili asubuhi pasisikike injini kabisa. Njia ihamishwe ielekee upande ambao upepo hauwapelekei vumbi, na ekzosi zirudishiwe vizuizi vyake. Kaka yako mkubwa akikataa kuja, msimburute; nendeni mliokubali. Na usimrudishie klipu nyingine ya kumpinga. Ndugu wanaojibizana kwa klipu hawaishii pazuri.

Imamu Ghazali ametaja katika kitabu chake Ihyaa mtu aliyelalamikia wingi wa panya nyumbani kwake. Akaambiwa, si ufuge paka? Akasema: nachelea panya wakisikia sauti ya paka wakimbilie kwa majirani, nikawa nimewapendelea wao nisichokipenda nafsini mwangu. Sikutaki ufike daraja hiyo. Nami sijafika, nina paka wawili.

Sasa kijana. Usimzuie kwenda Isinya. Umeniambia pale ndipo alipopona, na anayekata dawa iliyofanya kazi ni mpumbavu. Ila mpe kazi ya kuwapeleka wale mbuzi wawili kwa bibi, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Mfundishe kabla hajafika: mwanamke mtu mzima kule huamkiwa "takwenya", na mtoto huinamisha kichwa mbele ya wakubwa ili aguswe. Ainamishe. Kijana wa miaka 17 aliyetoka kwenye muguka amezoea kuonewa haya na kila mtu mzima anayekutana naye. Huenda bibi mmoja wa Isinya ataweka mkono juu ya kichwa chake na kumbariki, na sijui mimbari yangu imewahi kumpa kijana yeyote kitu kama hicho. Akitaka baadaye kumsaidia kuteka maji kwa pikipiki yake, basi itakuwa imepata kazi.

Umeuliza kuhusu swala. Zinasihi. Kwa Mashafi swala inasihi hata katika ardhi iliyoporwa, pamoja na dhambi ya uporaji, na hali yenu haijafika huko, maana mzazi na dada kwa kawaida hawamkatalii ndugu yao mahali pa kuswali. Hakuna ya kulipa. Lakini ukikaa na mama kuzungumzia mirathi, mwambie na hilo pia, kwamba kwa miaka mitatu wanawe na wajukuu wake wamekuwa wakisujudu katika fungu lake. Nadhani hakuna aliyemwambia.

Wallahu aalam.